Hitilafu 200: shajara ya kulifufua bao la mjomba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mzigo wa mjomba umefika na Hiace ya Magu saa nne asubuhi. Boksi la biskuti limefungwa kamba ya katani, ndani disketi tano za inchi tatu na nusu zimeviringishwa kwenye khanga kuukuu, na karatasi yenye mwandiko wake wa ubaoni: "Bao langu limo humu. Likiwaka, nipigie nije. Watoto wasiguse."

Kwa atakayesoma bila kulijua bao lenyewe: mjomba alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1996, akiwa chuoni, waliambiwa kila mmoja aandike programu yoyote kwa lugha ya Pascal. Wenzake waliandika za kukokotoa mishahara. Yeye akaandika bao la kete: mashimo 32, kete 64, nyumba (lile shimo kuu la kila upande), namua, mtaji, kila kitu. Baadaye akanunua kompyuta ya mtumba, yenye prosesa ya 486, akaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, na sisi wapwa tukawa tunapanga foleni ili tufungwe. Wazee waliokuwa wakicheza isolo, bao la Kisukuma, chini ya mwembe walikuja siku moja kuitazama, wakasema inacheza kama mtu wa pwani, wakarudi kwenye mwembe wao. Mwaka 2003 pawasaplai ililipuka, mashine ikauzwa chuma chakavu. Disketi zikabaki kabatini.

Lengo: bao liwake kwenye laptopu ya mjomba (i5, Windows 11), liende kwa mwendo ule ninaoukumbuka, na yeye asilazimike kuandika amri hata moja. Bajeti: jioni zangu hapa kwenye banda langu la ufundi, Mabatini, Mwanza, pamoja na shilingi 35,000 zilizokwisha kwenda kwa kisomaji cha disketi cha USB.

Jumapili, 3 Agosti

Siku nzima imeishia kwenye disketi.

Ukisogeza pazia la bati unauona utando wenyewe, na kwenye tatu kati ya tano kuna madoa meupe ya kuvu. Miaka 22 ya hewa ya ziwa. Nilianza kwa kosa la haraka: nikachomeka ya tatu bila kuisafisha, kisomaji kikaanza kukwaruza, nikaichomoa mbio. Kuvu ikishaganda kwenye kichwa cha kusomea, kichwa hicho kinakwenda kuichana na disketi inayofuata, hata kama hiyo ilikuwa nzima. Nikakisafisha kichwa kwanza. Halafu disketi moja moja: kijiti cha pamba, spiriti, unazungusha kile kitovu cha chuma kwa kidole pole pole mpaka utando wote umepita, kisha upande wa pili. Spiriti ya kufungia vidonda ina maji mengi. Nimetumia ile ninayosafishia bodi za simu.

Jambo la pili: disketi kuukuu haisomwi kwa kukopi faili moja moja. Mfumo ukigonga sekta mbovu unarudia, unarudia tena, na kila marudio ni kichwa kinapita palepale pabovu. Nimetumia ddrescue kwenye Linux. Inachukua kwanza zinazokubali, halafu inawarudia wabishi, na inaweka ramani ya ilipofikia ili ukikatiwa umeme usianze upya:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb d4.img d4.map`

Disketi moja ina sekta 2,880, kila moja baiti 512. Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano zimetoka zote. Ya nne ilitoa 2,871, umeme ukakatika, ukarudi saa mbili usiku, nikaendelea pale pale ilipoishia: 2,878. Mbili hazikutoka. Nimejaribu kisomaji kikiwa kimelala, kimesimama, kimepinduliwa. Hazitaki.

Yaliyomo: ya kwanza na ya pili ni Turbo Pascal 7, zana ya kuandikia msimbo wa Pascal na kuugeuza kuwa programu. Ya tatu ina BAO.EXE, yaani programu iliyo tayari kuwashwa. Ya nne ina BAO.PAS, yaani msimbo chanzo wenyewe, na sekta mbili zilizokufa ziko katikati yake. Ya tano ni barua za mjomba. Sikufungua hata moja, ingawa moja inaitwa POSA.TXT.

Jumanne, 5 Agosti

Hakuna. Printa tatu za watu wa stationari, zote matumbo wazi mezani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wateja wako Nyamhongolo wanatazama ng'ombe na matrekta, banda ni langu peke yangu.

Kwanza nilibofya BAO.EXE moja kwa moja kwenye Windows 11, nikijua jibu. Ikaniambia programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. BAO.EXE ni ya biti 16, ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Prosesa ikishaingia hali ya biti 64 haina tena ule mlango wa pembeni wa kuendeshea programu za DOS, kwa hiyo Windows za biti 64 ziliachwa bila kile kipengele cha NTVDM kilichokuwa kinazipokea. Windows 10 ya biti 32 bado ilikuwa nacho. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, basi.

Hapa ndipo wanapokwama pia wateja wanaoniletea CD za miaka ya 1990. Mara nyingi gemu lenyewe ni la biti 32, lingeenda bila shida, ila kisakinishi chake ni cha biti 16. Ndani hakuna tatizo. Aliyegoma ni bawabu.

Kwa hiyo DOSBox. Hii haimwombi prosesa mlango wowote: inaigiza kompyuta nzima, prosesa, spika, kadi ya sauti, saa, kila kitu kwa programu tu. Nikaelekeza folda, nikaandika `bao`, nikabonyeza Enter.

Likafunguka. BAO LA KETE kwa herufi za njano, ubao umechorwa kwa zile herufi za mistari ya DOS, nyumba zote mbili zina kete sita sita kama inavyotakiwa. Nilikaa kidogo bila kugusa kitu.

Kisha nikacheza, zamu ikaenda kwa mashine, ikaanza kufikiri. Dakika mbili na zaidi. Sebuleni Magu ilikuwa kama sekunde kumi na tano. Nakumbuka kwa sababu tulikuwa tunahesabu kwa sauti. Sababu ni kwamba DOSBox ikikutana na programu ya aina hii inaanza na mizunguko 3,000 (`cycles`, namba ya kasi inayoigizwa), mwendo wa mashine za kabla ya 486. Rahisi, nikaweka `cycles=max`, yaani kasi yote iliyopo, nikawasha upya.

`Runtime error 200`

Hakuna ubao, hakuna njano. Mstari huo tu, halafu nikarudishwa kwenye C. Hitilafu namba 200 ya Turbo Pascal maana yake umegawanya kwa sifuri. Nikapitia BAO.PAS, sehemu iliyopona, nikitafuta mahali mjomba alipogawanya chochote. Amegawanya mara mbili tu, na zote kwa 2.

Jibu liko nje ya kazi ya mjomba. Programu yoyote ya Turbo Pascal inayotumia maktaba iitwayo CRT, ile ya rangi na ya kusogeza maandishi, huanza kwa kupima mwendo wa mashine kabla mstari wako wa kwanza haujaguswa. Inahesabu inaweza kuzunguka mara ngapi ndani ya tiki moja ya saa, ambayo ni takriban milisekunde 55, kisha inagawanya hesabu hiyo kwa 55 ipate mizunguko ya milisekunde moja. Hivyo ndivyo amri ya Delay inavyojua kusubiri. Jibu linawekwa kwenye kisanduku cha biti 16, na kisanduku hicho mwisho wake ni 65,535. Zidisha kwa 55: 3,604,425. Mashine ikivuka mizunguko hiyo ndani ya tiki moja, jibu haliingii. Na prosesa za ukoo huu zinapiga kengele ile ile kwa makosa mawili: ukigawanya kwa sifuri, au jibu la kugawanya likizidi kisanduku. Turbo Pascal ikisikia kengele inasema sifuri. Inamsingizia.

Mwaka 1992, Turbo Pascal 7 ilipotoka, mashine ya kufikia huko haikuwepo mezani kwa mtu. Zilipokuja Pentium II, programu zilizokuwa nzima jana zikaanza kufa zikiwashwa, na wenye nazo wakadhani ni virusi.

(Hiyo tiki nayo ina asili ya kuchekesha. Saa ya PC ya kwanza ilikatwa kutoka kristali ya megahezi 14.31818, namba iliyochaguliwa kwa sababu ni mara nne ya mawimbi ya rangi ya televisheni za Marekani. Gawanya kwa 12, kisha kwa 65,536, unapata tiki 18.2 kwa sekunde. Bao la Magu lilikuwa linapumua kwa pumzi ya televisheni ya Marekani.)

Njia ya mkato niliyoigundua usiku: washa ikiwa na 3,000, ubao ukishatokea panda kwa Ctrl+F12. Kipimo kinafanyika mwanzoni tu, kwa hiyo haifi. Lakini sasa Delay imepimwa kwa mashine ya polepole na inatumika kwenye mashine ya mbio, kila kusubiri kumekuwa kufupi. Na mjomba sitamfundisha Ctrl+F12.

Jumapili, 10 Agosti

Kuna kiraka cha zamani kwa ugonjwa huu, TPPATCH, kinachoingia ndani ya EXE na kubadilisha pale panapopimwa mwendo. Nikakiendesha. Kikasema hakioni cha kubadilisha.

Saa nzima nimepoteza nikidhani mjomba hakutumia Turbo Pascal 7. Mwishowe nikafungua BAO.EXE kwa kihariri cha baiti, na karibu na mwanzo kabisa imeandikwa PKLITE. Faili lilikuwa limebanwa! Zamani watu walibana EXE zao ili zitoshe disketi, likiwashwa linajifungua lenyewe kwenye kumbukumbu. Kiraka kilikuwa kinatafuta mtu ndani ya gunia lililoshonwa. `pklite -x` ikalifungua, faili likakaribia kuwa maradufu, TPPATCH ikapita safari hii bila neno.

`cycles=max`. Njano. Ubao. Hamisho kwa sekunde mbili.

Shida mpya: mashine ikicheza, kete hazionekani zikitembea. Unaona ubao wa kabla, unaona ubao wa baada. Mtu wa bao anataka kuona mkono ukipita shimo kwa shimo, la sivyo atasema unamwibia, na ana haki.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeupata mzizi kwenye BAO.PAS, mstari mmoja juu ya shimo la sekta zilizokufa:

`for j := 1 to 20 do for i := 1 to 30000 do;`

Kitanzi kitupu. Kinahesabu hadi elfu thelathini, mara ishirini, bila kufanya lolote, ili 486 ichelewe kidogo kati ya kete na kete. Delay anaijua, ameitumia kwenye menyu. Hapa akaamua kuhesabu mwenyewe.

Magemu mengi ya DOS ya mwanzo yalijengwa hivi. PC ya kwanza ya IBM ilikuwa ya megahezi 4.77, na waliofuata nyuma yake wakaandika kana kwamba hiyo 4.77 ni sheria ya dunia. Ndiyo maana baadaye maboksi yakaja na kitufe cha Turbo, ambacho kazi yake halisi ilikuwa kuipunguza mashine kasi ili gemu la juzi lichezeke.

Nikaacha max, nikajaribu namba za kukazwa: 8,000, kete zinatembea kama mazishi. 15,000, karibu. 25,000, kete zinadondoka tak-tak-tak na spika, mashine inafikiri kwa sekunde kumi na nne. Nimefumba macho nikaona kile kitambaa cha kufuma. Mtandaoni wanakadiria kwamba 486 DX2 ya megahezi 66 iko maeneo hayo hayo, na mjomba nilipompigia akaniambia ndiyo aliyokuwa nayo.

```
[cpu]
core=normal
cycles=fixed 25000

[autoexec]
mount c C:\bao
c:
bao
exit
```

Ikoni kwenye desktopu, skrini nzima, Esc inatoka. Kwangu mimi mradi umekwisha. Nimempigia aje.

Jumamosi, 16 Agosti

Haukwisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Iko wapi?"

Hakukaa hata kwenye kiti nilichomfutia. Alicheza amesimama, mkono nyuma, kama anasimamia mtihani. Ile sauti ya spika ilipoanza akacheka peke yake. Akafunga mchezo wa kwanza, akafunga wa pili, ndipo akavuta kiti.

"Inakosea," akasema.

"Wapi, mjomba?"

"Angalia. Kete yangu ya mwisho imeishia kwenye nyumba. Hapo natakiwa nichague: nilale, niishie hapo, au nisafiri na kete za nyumba. Yenyewe imenisafirisha bila kuniuliza."

Nikamwambia labda ni disketi. Akatikisa kichwa. Alilijua kosa hilo tangu 1996; kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi na yeye alikuwa Jumapili usiku. Alisema atalirekebisha likizo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mashine hii mpya ina nguvu kiasi gani kuliko ile? Nikamwonyesha max. Hamisho, sekunde mbili. Akanyamaza muda mrefu kidogo.

"Bao hili linaona hatua mbili mbele. Nilitaka tatu. Ile 486 kwa tatu ilikuwa inakaa mpaka ugali unaiva. Weka tatu."

"Mjomba, nikiipa mwendo huo kete hazitaonekana. Kuna kitanzi umeandika kitupu..."

"Kitoe."

"Sina msimbo mzima. Sekta mbili zimekufa."

"Baiti ngapi?"

"Elfu moja na ishirini na nne."

"Hiyo ni kurasa moja ya kaunta buku," akasema, akatoa kalamu mfukoni.

Nimechapisha mistari ya juu na ya chini ya lile shimo, ameondoka nayo. Alikuwa awahi gari la saa tisa. Aliondoka na la saa kumi na moja kwa sababu fundi viatu wa jirani alitaka kujaribu bao, akafungwa na mashine, akataka tena.

Nakiri nilinuna kidogo. Nilikuwa nimetafuta mwendo wa zamani kwa namba ya kukazwa, nikaona nimetenda haki kwa kumbukumbu. Mwenye bao hataki kumbukumbu. Anataka bao lake limalizike.

Jumanne, 19 Agosti

Pembeni ya mradi, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja.

Kijana wa Igogo kaleta laptopu: San Andreas yake "imeibiwa ndege". Gemu hilo la mwaka 2004, kwenye PC 2005, lina ndege ya majini iitwayo Skimmer, na vijana wa huku wanaipenda kuliko ndege zote, inatua majini kama mtumbwi. Amebadilisha Windows 10 kwenda 11, toleo la 24H2, kwa sababu ya huu mwisho wa msaada wa Windows 10 mwezi Oktoba. Tangu hapo gatini hakuna Skimmer. Akiiita kwa programu ya udanganyifu, haitokei. Alikuwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyefuta kitu nilipomsafishia virusi mwezi Mei.

Bahati yangu, aliyetengeneza SilentPatch, kiraka cha gemu hili, aliuchimba mkasa huu mwaka huu huu na kuueleza hadharani. Kila chombo kwenye gemu kina mstari wake kwenye faili la vehicles.ide, na mwishoni mwa mstari kuna ukubwa wa magurudumu. Kwenye Vice City, gemu lililotangulia, Skimmer iliandikishwa kama boti, haikuhitaji magurudumu. Kwenye San Andreas ikahamishiwa upande wa ndege, na mtu akasahau kuongeza zile namba za mwisho. Gemu linasoma mstari bila kuhakikisha kama namba zimefika. Zisipofika, linachukua chochote kilichosalia pale kwenye kumbukumbu ya muda. Na kilichosalia, kwa miaka ishirini, kilikuwa ni magurudumu ya chombo kilichosomwa kabla yake, gari la Top Fun: 0.7. Ndege ikaruka kwa magurudumu ya kuazima na hakuna aliyejua. Windows 24H2 ikabadilisha kidogo jinsi inavyoitumia kumbukumbu hiyo kwa shughuli zake yenyewe, ikaandika juu ya ile 0.7. Sasa gemu linasoma takataka, linapiga hesabu ya urefu wa ndege kutoka ardhini kwa takataka hizo, na Skimmer inatupwa juu umbali usiosemeka. Haikuibiwa. Ipo, ila imepita mwezi.

Microsoft haikukosea hapo. Hakuna aliyewahi kuahidi kwamba ubao wa darasa la jana hautafutwa. Nimeongeza namba zilizokosekana mwishoni mwa mstari wa Skimmer, zikiwemo `0.7, 0.7`, ndege imerudi gatini. Kijana kalipa elfu tatu na hajaniomba radhi ya virusi.

Ijumaa, 22 Agosti

Laptopu ya shemeji, Windows 7, Age of Empires ya 1997: maji ya zambarau, majani mekundu. Gemu la rangi 256 linaweka orodha yake ya rangi, na desktopu nyuma inaipangua. Nimeweka cnc-ddraw, kiraka cha uchoraji wa magemu ya zamani, kwenye folda ya gemu, ziwa limekuwa la bluu. Dakika kumi, pamoja na soda.

Jumapili, 24 Agosti

Ukurasa wa kaunta buku umefika kwa picha ya simu. Mjomba ameandika kwa wino wa bluu na kupiga mstari kila penye `begin` na `end`. Nimeuandika kama ulivyo kwenye lile shimo, nikafungua Turbo Pascal 7 ndani ya DOSBox, nikabonyeza F9 ili kompaila iugeuze msimbo kuwa programu.

Jina halijulikani: `kete`. Nikatazama msimbo uliopona: miaka ile aliita `kt`. Nikabadilisha. Jina halijulikani: `shimo`. Aliita `sh`. Alipokuwa kijana alikuwa mbahili wa herufi, sasa anaandika maneno mazima. Makosa sita ya aina hiyo, kila moja kompaila ikinionyesha kwa kidole mjomba wa zamani alisemaje. La saba lilikuwa langu, nimesoma 1 nikaandika l.

Ikapita.

Kisha mabadiliko matatu aliyoyataka. Kitanzi kitupu kimetoka, pameingia `Delay(140)`. Kina cha kufikiri kutoka 2 kwenda 3. Na swali la nyumba: L ulale, S usafiri. Hili la tatu limechukua saa nne, kwa sababu msimbo wake wa kusafiri unajiita wenyewe ndani kwa ndani, na ukiuliza swali mahali pasipofaa mashine nayo inajiuliza inapofikiri, inasubiri ujibu kwa niaba yake. Mara ya kwanza nilidhani imeganda. Kumbe ilikuwa inaniuliza mimi.

Nikawasha kwa max. `Runtime error 200`.

Bila shaka. EXE mpya, CRT ile ile ya 1992. TPPATCH tena, safari hii halijabanwa, sekunde moja.

Nilifikiria kuandika upya kwa Free Pascal, ambayo haina ugonjwa huu wala haihitaji DOSBox. Nilijaribu. Linaenda, lakini herufi za mistari za DOS zinageuka alama za ajabu kwenye dirisha la leo, na spika haisemi tak. Nimefuta.

Jumamosi, 30 Agosti

Mjomba kaja na gari la kwanza. Mashine kwa hatua tatu inafikiri sekunde tisa hadi kumi na mbili. Kete zinatembea, tak kwa tak. Kete yake ilipoishia nyumbani, swali likatokea chini ya ubao: L au S. Akalisoma mara mbili, akabonyeza L, akaitazama nyumba yake ikiwa imebaki imejaa.

"Jumatatu imefika," akasema.

Amekataa nisihifadhi nakala mtandaoni, kisha akakubali kwa sharti kwamba ile disketi ya tano isiwemo. Nimeweka pia nakala kamili za disketi nne (zile faili za .img) kwenye flashi mbili, moja yake, moja ya kwangu droo ya chini. Disketi zenyewe zimerudi kwenye khanga.

Saa tatu usiku nimepata ujumbe kutoka Magu: kafungwa mara nne mfululizo, anauliza kama ile ya hatua mbili bado ninayo. Ninayo. Iko kwenye flashi yake, folda ile ile, BAO2.EXE.